Kubadilisha matairi na beringi za viatu vya magurudumu

Anayeteleza Raskazone, ufukweni Tanga, anakula upepo wa bahari, na beringi zake zinakula chumvi na mchanga. Kwa hiyo tairi likianza kulia, usikimbilie kununua jipya. Lizungushe kwa kidole. Likikwaruza, ugonjwa uko kwenye beringi. Tairi lililokwisha utaliona kwa macho, limeliwa upande mmoja.

1. Kabla ya kununua, soma ubavuni mwa tairi. Ukikuta 80 mm 82A, ya kwanza ni kipenyo, ya pili ugumu. Kwa lami ya kokoto chukua 78A au 80A. Ngumu zaidi zitakutetemesha mpaka meno. Kipenyo kisizidi kile fremu, yaani reli ya chini ya kiatu inayoshika matairi, inachobeba. Beringi karibu zote ni 608: ndani 8 mm, nje 22, unene 7. Muuzaji akikusifia beringi ya ABEC 9, hicho ni kipimo cha usahihi wa utengenezaji tu. Mchanga hauulizi namba.

2. Fungua bolti ya tairi kwa spana ya L, mara nyingi ya 4 mm. Izamishe mpaka mwisho ndipo uzungushe, la sivyo kichwa kitaliwa.

3. Kati ya beringi mbili za kila tairi kuna bushi, kibomba kidogo kinachozitenganisha. Isukume kwa ncha ya spana, beringi ya upande wa pili itatoka nayo. Geuza tairi, toa iliyobaki. Bushi itunze: isipokuwepo, bolti inazibana beringi na tairi linagoma.

4. Beringi yenye kutu ndani, tupa. Iliyochafuka tu, ng'oa kifuniko chake cha mpira kwa sindano, ioshe kwa petroli nje ya nyumba, mbali na jiko. Ikauke kabisa, kisha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yaache jikoni, yananasa vumbi.

5. Rudisha beringi, bushi, beringi, kifuniko kitazame nje. Kandamiza kwa kiganja. Nyundo hapana!

6. Kama matairi ni yaleyale, ukihesabu kutoka mbele, la kwanza libadilishane na la tatu, la pili na la nne, na upande ulioliwa utazame nje.

7. Kaza mpaka tairi lisicheze kushoto na kulia, lakini lizunguke. Likigoma, legeza kidogo. Teleza dakika chache mahali tambarare, kisha zipitie bolti zote tena kwa spana. Aghalabu utakuta moja imelegea.