Kusajili BMU Dar es Salaam: karatasi zinakokwama na namna ya kuzikwamua

Wavuvi wa Kunduchi, Msasani, Mjimwema hadi Pemba Mnazi wanaijua BMU (Beach Management Unit, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) kwa sura: ni ile kamati ya pwani inayoandikisha vyombo na kuitwa linapokamatwa kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Nguvu yake ya kisheria ndiyo haijulikani sana. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, kifungu cha 18, inamruhusu Mkurugenzi wa Uvuvi kuingia mkataba wa usimamizi na BMU kwa kushirikiana na halmashauri. Maana yake ni kwamba watu wa pwani wanaweza kukaa mezani na serikali, wakakubaliana nayo kwa maandishi jinsi bahari iliyo mbele yao itakavyotunzwa na nani atavua nini, wapi na lini. Nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi katika mwalo mmoja, yaani pwani ya kushushia samaki, wa jiji hili. Naandika ili wenzetu wanaotaka kuanza wasipoteze msimu mzima kama sisi.

Leseni, usajili wa vyombo na vitambulisho vya NIDA sitavieleza, kila mvuvi anavijua. Barua ya kwanza nayo ni nyepesi: inakwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa na wa Kata, nakala kwa afisa uvuvi. Kila mnachopeleka, rudini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke. Jalada letu lilipotea katika ofisi moja, na bila ile nakala tungeambiwa hatukuwahi kuomba.

Sampuli ya kijijini haifai mjini

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. BMU nyingi zinazotajwa kwa mfano mzuri ziko Rufiji, Kilwa, Mafia na Tanga, na sampuli za katiba na mihtasari zinazopita mkono kwa mkono zimetoka huko. Huko ni vijijini. Kijiji kina Mkutano Mkuu wa Kijiji na Halmashauri ya Kijiji, na chini ya Sheria Na. 7 ya 1982 halmashauri hiyo inaweza kutunga sheria ndogo zake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Dar es Salaam inaendeshwa kwa Sheria Na. 8 ya 1982, ya mamlaka za miji. Sisi tuna mitaa, na mtaa hautungi sheria ndogo.

Ofisi moja ilitupa sampuli ya kijijini na kutuambia tujaze majina tu. Wanachama wakasaini, jalada likapanda, na ofisi nyingine ikalirudisha lote kwa sababu lilikuwa na maneno "Halmashauri ya Kijiji imeridhia". Kaskazi ikaisha, kusi ikaingia, watu wakaanza kuuliza michango yao imekwenda wapi. Mzee aliyechangia kwa kuuza samaki wa mchuzi wake hastahili kujibiwa kwamba tatizo ni neno moja kwenye karatasi.

Kwa hiyo pitieni katiba yenu mstari kwa mstari. Palipoandikwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, wekeni mkutano wa wakazi wa mtaa. Ridhaa iende kwenye Kamati ya Mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na muhtasari wa vikao vyote viwili uambatanishwe pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini. Kama mwalo wenu unatumiwa na mitaa miwili, mihtasari iwe ya mitaa yote miwili. Kuhusu sheria ndogo, msiandike kwamba mtazitunga. Andikeni kwamba mnapendekeza masharti ya uvuvi, mkiiomba manispaa iyaingize kwenye sheria ndogo zake. Njia hiyo ni ndefu: kuna kamati za baraza, tangazo kwa wananchi, baraza la madiwani, idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ndipo Gazeti la Serikali. Mshirikisheni diwani wenu mapema. Akiyasikia masharti hayo kwa mara ya kwanza barazani, hatakuwa na la kuyatetea.

Jambo jingine kuhusu katiba: iwe ya Kiswahili, na mpango wa usimamizi pia. Mara nyingi mradi hutoa mtaalamu, mtaalamu huandika Kiingereza kizuri, na mwalo mzima unatia saini kitu ambacho nahodha hawezi kukisoma. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria Tanzania. Mna haki ya kukataa kusaini msichokielewa.

Daftari la wadau

Usajili unaanzia kwenye daftari, na daftari ndilo linaloamua nani ana kura. Mazoea ni kuandika wenye vyombo na manahodha, basi. Msikubali. Andikeni mabaharia, wachuuzi, wakaanga samaki, wapara samaki, mafundi wa ngalawa na nyavu, na wanawake wanaoshuka mwambani kwa miguu maji yakitoka, kuchokoa pweza na kuokota kombe. Hao wanawake wanaujua mwamba wa karibu kuliko mwenye boti ya faiba ambaye anaupita tu akielekea kina kirefu.

Sababu ni ya kazi. Hatua ya kwanza ambayo BMU nyingi huchukua ni kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, kama wanavyofanya baadhi ya wenzetu wa Mafia na Kilwa. Pweza hukua haraka na maisha yake ni mafupi, ndiyo maana hata miezi michache huonekana kwenye mizani. Kanuni za Uvuvi za 2009 tayari zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kufunga mwamba ndiko kunakowapa nafasi ya kuufikia uzito huo. Lakini mwamba ukifungwa, anayekosa mboga ya leo ni mama wa mwambani, si mwenye ringineti, wavu mkubwa wa kuzungushia samaki kwenye kina kirefu. Kama hakuwa na kura siku ya uamuzi, mwamba huo utavunjwa usiku, na hamtakuwa na uso wa kumlaumu. Katika mwalo wetu wanawake ndio waliosema ufungwe sehemu moja na sehemu nyingine ibaki wazi, na ndio waliochagua ipi, kwa kujua pweza anatagia wapi.

Waandikeni pia wavuvi wa dago, wageni wanaokuja kwa msimu kutoka Pemba, Tanga au Kilwa. Wapeni safu yao, pamoja na jina la mwenyeji aliyewapokea. Utaratibu wa mgeni kuripoti kwa mwenyeji ni wa wazee wetu, wa kale kuliko ofisi yoyote. Ukiwekwa kwenye katiba unapata nguvu, na ugomvi mwingi wa nyavu unaishia hapo.

Mpaka

Fomu inasema tu "ambatanisha ramani ya eneo". Kwa mtu wa ofisini ni mistari minne. Kwa pwani ya Dar es Salaam ni kazi ya kukaa na watu wengi, na ukiifanya haraka jalada litarudi.

Anzeni na majirani kabla ya ofisi. Chagueni siku ya bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali na miamba yote kuonekana. Wazee wa mialo yote miwili watembee pamoja, manahodha wawe baharini na chombo, na kijana mwenye simu achukue koodineti za kila alama. Andikeni alama kwa majina yake: fungu hili, kipwa kile, mlango wa mto, mbuyu unaolengwa na manahodha wakirudi. Majina hayo ndiyo ramani ambayo watu wameitumia miaka yote bila karatasi. Yakiingia kwenye jalada, hata afisa mgeni aliyehamishwa jana kutoka bara ataweza kuuliza "hapa ni wapi" na kuelekezwa na mtoto yeyote wa pwani. Wenyeviti wa pande zote mbili wasaini mchoro hapohapo. Kama jirani yenu yuko Mkuranga au Bagamoyo, halmashauri mbili zinahusika, kwa hiyo pelekeni nakala kwa maafisa uvuvi wa pande zote. Na mkiona mnavua bahari ileile kiasi kwamba kuigawa ni kulazimisha, msiigawe. Mialo kadhaa inaweza kuomba eneo moja la usimamizi wa pamoja, kila mmoja na BMU yake.

Kisha angalieni mchoro wenu unagusa mali ya nani mwingine. Kaskazini ya jiji kuna Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, maeneo tengefu tangu 1975. Kusini kuna Sinda na Makatumbe. Yote yako chini ya ofisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa Sheria Na. 29 ya 1994. BMU haiwezi kuomba kuyasimamia kupitia afisa uvuvi wa manispaa. Mstari wenu uishie nje, na mpate barua ya ofisi hiyo inayosema imeuona mchoro. Wapo wanaouliza kwa nini Mafia, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ina vijiji ndani yake na watu wanavua kwa utaratibu, wakati visiwa vyetu vimefungwa kabisa kwa uvuvi. Swali hilo ni la haki na linafaa kuulizwa kwa barua yake lenyewe. Likichanganywa na maombi ya usajili, maombi ndiyo yatakayolala.

Mikoko ni habari nyingine. Wengi wetu tuliipanda kwa mikono yetu, lakini kisheria mikoko yote ya pwani ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu, chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Afisa uvuvi hawezi kuwapa. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ina nafasi ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na jamii, na maombi yake ni tofauti. Jalada letu lilisimama tena hapa, kwa sababu mchoro ulipita juu ya mikoko na hakuna aliyetuambia barua ya TFS inahitajika mpaka tulipokuwa tumeshapanda ngazi zote. Chukueni barua hiyo mwanzoni kabisa.

Chora pia njia za kushuka pwani. Katika jiji hili ukuta unaweza kuota wiki moja, na wiki inayofuata mama mwenye ndoo anazunguka kilomita nzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu. Andikeni kila njia, ilipoanzia na inapotokea, mwenyekiti wa mtaa asaini. Ramani yenye njia zilizotiwa saini ni ushahidi mtakaouhitaji siku ukuta ukianza.

Kuna mahali ambapo wazee hawataki pachorwe. Kila pwani ina sehemu za tambiko ambazo watu hawavui na hawaelezi kwa nini mbele ya wageni. Msiwalazimishe waseme. Kwenye mchoro andikeni "eneo lisilovuliwa kwa makubaliano ya mwalo", bila jina wala hadithi. Serikali inapata inachokitaka, yaani eneo la mazalia lililotunzwa, na wazee wanabaki na siri yao. Mwaka 2022 nchi zilikubaliana Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, huku zikitambua haki za jamii za asili na za wenyeji. Maeneo kama haya ya wazee wetu yametunzwa kabla ya hesabu hiyo. Yanastahili kuhesabiwa bila kunyang'anywa.

Uchaguzi, kisha mkataba

Uchaguzi wa kamati simamieni mbele ya afisa uvuvi na mtendaji, akidi iandikwe, kura zihesabiwe hadharani. Msiuweke siku ya maji mazuri, maana mabaharia hawatakuwepo na matokeo yatapingwa.

Mkishasajiliwa, msikae mkidhani kazi imekwisha. Usajili unawatambua, mkataba ndio unaowapa sauti. Ombeni rasimu yake mapema, mkaisome mwaloni kwa sauti, kipengele kwa kipengele, mbele ya wanachama wote. Kipengele cha mapato kiseme sehemu gani ya ushuru unaokusanywa hapo mwaloni inabaki kwa BMU, na inalipwa lini. Kipengele cha mgogoro kiseme mnamlalamikia nani ofisi ikikiuka makubaliano, maana rasimu nyingi hutaja adhabu ya mvuvi peke yake. Halafu kuna kipengele cha doria. Rasimu tuliyoletewa iliwataka wanachama wafanye doria usiku bila kutaja mafuta ya boti, bima, wala afisa mwenye mamlaka ya kukamata. Watu wa kokoro na baruti huwa na silaha, na kijana wa kujitolea ana mama nyumbani. Tuliomba kiandikwe kwamba doria haitoki bila afisa uvuvi au askari, na kwamba mafuta yanatolewa na halmashauri kabla ya chombo kushushwa. Kiliandikwa upya, ndipo mwenyekiti wetu akasaini.