Namna ya Kuukamilisha Mfarishi wa Viraka Unaoshonwa kwa Vipindi Vifupi

Mfarishi wa viraka, yaani blanketi la tabaka tatu ambalo uso wake umeungwa kwa vipande vingi vya kitambaa, mara chache hukwama kwa sababu mshonaji hajui kushona. Hukwama kwa sababu kazi yenyewe ni ndefu, hushonwa saa moja leo na nusu saa wiki ijayo, na kila inapowekwa kando hupotea kitu: kipimo kilichokuwa kichwani, mpangilio wa rangi uliokuwa umetandazwa sakafuni, au mahali sindano ilipokuwa imewekwa. Anayeirudia hutumia muda wote alio nao kutafuta alipoishia, na hilo likimkuta mara tatu au nne huikunja kazi akaanza nyingine. Ninachoshauri hapa ni namna ya kuiacha kazi katika hali ambayo ukirudi unaketi na kushona papo hapo.

Nitatumia mfano wa mfarishi wa inchi 60 kwa 72, wenye viraka vya mraba vya inchi 6, yaani viraka 10 kwa upana na safu 12 kwa urefu, jumla viraka 120. Kabla ya kugusa cherehani, toa vyote ulivyo navyo, vihesabu, kisha andika kwenye karatasi hatua zilizobaki: kukata, kuunga safu, kuunganisha safu, kupanga tabaka, kushona tabaka, kutia pindo. Watu wengi huhesabu kwamba uso ukishaungwa kazi imekwisha, ilhali hapo wamefika katikati tu. Kama katika hesabu hiyo unagundua kwamba huna tena hamu na mfarishi mkubwa, punguza ukubwa bila kusita. Safu 6 za viraka 6 zinatosha blanketi zuri la mtoto, na kazi ndogo iliyokwisha ina manufaa kuliko kubwa iliyokunjwa kabatini.

Jambo linalodai uangalifu kuliko yote ni upana wa mshono. Katika ushonaji wa viraka, kitambaa kinachoachwa upande wa ndani wa mshono ni robo inchi, takriban milimita 6, na ndiyo maana kiraka cha inchi 6 hukatwa kikiwa na inchi 6½. Milimita moja huonekana si kitu. Hata hivyo, mshono uliozidi kwa milimita 1 hula kitambaa cha viraka vyote viwili, hivyo hupunguza milimita 2. Safu ya viraka 10 ina mishono 9, na safu nzima hufupika kwa milimita 18, karibu robo tatu ya inchi. Ikiwa safu zote zimefupika sawasawa, mfarishi utakuwa mdogo kidogo na hakuna atakayelitambua hilo. Taabu huja pale safu 5 zilizoshonwa kabla ya kazi kuachwa zinapokutana na safu 7 zilizoshonwa baadaye, sindano ikiwa imehamishwa au mguu wa cherehani umebadilishwa, kwa maana hapo pembe za viraka hazikutani hata ukivuta vipi.

Dawa yake ni jaribio dogo unalolifanya kila unaporudi. Kata vipande vitatu vyembamba vyenye upana wa inchi 1½, viunge ubavu kwa ubavu, vipige pasi, kisha pima kile cha katikati: kinapaswa kuwa na inchi 1 kamili. Kikiwa chembamba, mshono wako umezidi. Kikiwa kipana, umepungua. Ukishapata kipimo sahihi, bandika kipande cha utepe kwenye bamba la cherehani ili ukingo wa kitambaa uwe unapita kando yake, na usiubandue hadi safu zote ziishe. Ikiwa tayari unazo safu za zamani, pima kiraka kilicho katikati ya mojawapo. Ukikuta milimita 150 badala ya 152, ambazo ndizo inchi 6, mishono ya zamani ilizidi kwa milimita 1; usifumue chochote, bali sogeza utepe kwa milimita hiyo moja ili safu mpya zifanane na zile. Kufanana ni muhimu kuliko usahihi wa vitabuni.

Baada ya hapo, tandaza viraka vyote mara moja, upange rangi hadi uridhike, upige picha kwa simu, kisha ukusanye kila safu kwa mpangilio wake na kubana kwa pini kikaratasi chenye namba kwenye kiraka cha kwanza kushoto. Kushona kwenyewe kuwe kwa mfululizo: pitisha jozi ya kwanza ya viraka, na bila kukata uzi, ingiza jozi ya pili, kisha ya tatu, ili zitoke zikiwa zimeshikana kwa nyuzi fupi ambazo utazikata mwishoni. Njia hii huokoa uzi na muda. Urefu wa mshono wa milimita 2 hadi 2½ unafaa kwa kitambaa cha pamba. Unapofika wakati wa kuinuka, usimalizie jozi ya mwisho. Ibane kwa pini na uiache chini ya mguu wa cherehani, tayari kushonwa. Atakayeketi kesho hatahitaji kuamua lolote.

Kwenye pasi, inua na kushusha badala ya kuburuta, kwa kuwa kuburuta huvuta kitambaa kikapinda. Mishono ya safu za namba shufwa ilazwe kulia na ya safu za namba witiri ilazwe kushoto, ili safu mbili zinapokutana mishono ikamatane na pembe zijipange zenyewe.

Kupanga tabaka ndiko kunakokwamisha wengi, kwa sababu hakugawanyiki katika vipindi vifupi. Tenga muda wa kutosha na ukamilishe kwa mara moja. Kitambaa cha chini kizidi uso kwa inchi 4 kila upande, hivyo kwa mfano wetu kiwe na inchi 68 kwa 80. Kitandaze sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, ukikaze kwa utepe kwenye kingo hadi kinyooke bila kuvutika. Juu yake weka tabaka ya pamba ya kujazia, kisha uso. Piga bandi kwa mishono mirefu ya mkono, au tumia pini za kufunga, ukianzia katikati kuelekea kingo, na usiache nafasi inayozidi upana wa kiganja. Mikunjo yote inayoonekana nyuma ya mfarishi uliokwisha huwa ilizaliwa hapa, na hakuna ustadi wa cherehani unaoweza kuiondoa baadaye.

Kushona tabaka nako kuanzie katikati. Mistari iliyonyooka, inayopita kando ya mishono ya viraka, inatosha kabisa. Urefu wa mshono uongezwe hadi milimita 3, na sindano iwe mpya. Umbali kati ya mistari ufuate maelekezo ya pamba uliyonunua, kwa kuwa pamba nyingine hujikusanya ikiachiwa nafasi kubwa.

Kwa pindo, jumlisha pande nne: 60, 72, 60 na 72 ni inchi 264, ongeza 12 za pembe na maungio, upate 276. Kitambaa chenye upana wa inchi 42 kitahitaji vipande 7 vya upana wa inchi 2½, vilivyoungwa kwa mshazari. Vikunje katikati kwa urefu na kuvipiga pasi, kisha shona ukingo ulio wazi upande wa juu wa mfarishi. Ukikaribia pembe, simama robo inchi kabla ya mwisho, kata uzi, kunja ukanda juu kwa pembe ya digrii 45, urudishe chini ulingane na upande unaofuata, uendelee. Mwishowe uugeuzie nyuma na kuushona kwa mkono.

Ufue mara ya kwanza kwa maji baridi, peke yake, hasa kama kuna vitambaa vyekundu au vya rangi nzito ambavyo hukuvifua kabla ya kukata, na uuanike ukiwa umetandazwa, kwa kuwa uzito wa maji ukining'inizwa kamba moja huvuta mishono.