Aislandi: Miezi Sita Haianzii Uwanja wa Ndege

Mjomba alinipigia simu kunipongeza kwa kuhamia Aislandi. "Huko si matibabu bure?" Mjomba wangu, na nyote mnaodhani Ulaya dawa zinaokotwa njiani, nisikilizeni. Nilikatwa kidole tumbo Reykjavik, na bili yake nimeilipa kwa mafungu mpaka nikasahau ladha ya nyama.

Kosa lilikuwa la hesabu. Anayetoka nje ya Ulaya haingii kwenye bima ya afya ya taifa mpaka atimize miezi sita ya ukaazi. Ndiyo maana ukiomba kibali cha kuishi unadaiwa bima ya kujinunulia, yenye kinga ya angalau krona milioni 2, fedha ya huko. Mimi nikanunua ya miezi sita kuanzia siku ya kutua. Kumbe miezi yao huanza makazi yako yakishaandikishwa Þjóðskrá, ofisi ya usajili wa watu, nami nilizubaa wiki saba nikihangaikia chumba. Bima ya kununua ikaisha, ya taifa haijaanza, kidole tumbo hakikungoja.

Narudia: tarehe ya kuandikishwa makazi, si muhuri wa pasipoti. Na kennitala, ile namba yao ya utambulisho, isikulevye. Nilikuwa nayo mkononi nikaiona kama kadi ya NHIF. Siyo! Jiandikishe wiki ya kwanza, na bima uliyonunua ivuke miezi sita hiyo, hata kama wakala wa bima atakwambia ya miezi sita inatosha.

Mengine ni mepesi. Jisajili kituo cha afya cha mtaani, heilsugæsla. Ushauri piga 1700, dharura 112. Mkalimani ni haki yako kisheria tangu 1997, mwombe mapema. Meno yatengeneze nyumbani kabla ya kupanda ndege. Huku mtu mzima hujilipia.

Halafu uzoee madaktari wao. Nchi nzima watu hawafiki laki nne, Ilala ya Dar peke yake inawameza, na kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, daktari naye. Unamweleza homa, anakwambia kapumzike, kunywa maji, meza panado. Sisi tuliozoea kutoka na mfuko wa dawa tunahisi tumedharauliwa. Nilidhani ni ubaguzi, mpaka nikaona na watoto wao wanarudishwa hivyo hivyo. Siku hizi naona wana hoja, ila mama simwambii.

Bima ya taifa ilinianza siku ya kumi na moja baada ya upasuaji. Nyuzi nilitolewa kwa bei ya mwenyeji.