Kabla ya kufunga ruta ya nyumbani kwa simu peke yake: mambo ya kuandaa

Ruta ya Wi-Fi hufungwa bila kompyuta bila shida yoyote, na viwanda vingi siku hizi vinatengeneza ruta vikijua mteja ana simu tu mkononi. Kinachowakwamisha watu ni jambo moja. Simu hiyo hiyo ndiyo kifaa chako cha kazi, ndiyo intaneti yako, na ndiyo kitabu chako cha maelekezo. Ukishaiunganisha na ruta ambayo bado haijapata intaneti, hivyo viwili vya mwisho vinakutoka. Huwezi kupakua programu uliyoisahau, wala kufungua ujumbe wa WhatsApp ambamo mtoa huduma alikutumia jina la akaunti. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ruta haijachomekwa kwenye umeme.

Anza kwa kujua una ruta ya aina gani. Ikiwa ina tundu la laini ya simu (SIM), hiyo ni ya 4G au 5G na intaneti yake inatoka kwenye mnara. Ikiwa ina tundu lililoandikwa WAN, mara nyingi lenye rangi ya bluu, hiyo inasubiri kebo kutoka kwenye kifaa cha faiba au kwenye antena iliyo juu ya paa. Aina ya tatu ni kile kifaa cha faiba chenyewe, ambacho fundi wa kampuni huja nacho na chenye taa za PON na LOS. Hiki cha tatu badilisha jina na nenosiri la Wi-Fi tu, mengine mwachie mwenye kampuni. Usibonyeze kitundu cha RESET hata kidogo, kwa sababu mipangilio aliyoiweka fundi inaweza kufutika yote, na huenda usiweze kuirudisha kwa simu yako. Na ukiona taa ya LOS ni nyekundu, usihangaike na mipangilio. Mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa mno kwenye kona ya mlango, au plagi yake imelegea.

Geuza ruta upige picha kibandiko cha chini, kwa ukaribu na kwenye mwanga, kabla hujaitundika ukutani. Pale pana jina la Wi-Fi la kiwandani, nenosiri lake, anwani ya ukurasa wa mipangilio, na namba ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa chenyewe. Kuza picha utofautishe sifuri na herufi O, namba moja na herufi l. Anwani hutofautiana: TP-Link na Tenda nyingi hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta za laini za Huawei kwa kawaida 192.168.8.1. Kibandiko kikiwa kimechanika, unganisha simu na ruta, fungua maelezo ya mtandao huo kwenye mipangilio ya Wi-Fi, utafute namba iliyo mbele ya neno Gateway kwenye Android au Router kwenye iPhone. Hiyo ndiyo anwani.

Kuna manenosiri mawili, na watu wengi huyachanganya. Moja ni la kujiunga na Wi-Fi. Jingine ni la kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Baadhi ya ruta huja na hilo la pili likiwa admin, nyingine huliandika kwenye kibandiko, na TP-Link nyingi mpya hazina kabisa, zinakutaka ulitunge mwenyewe mara ya kwanza. Ruta uliyonunua mkononi mwa mtu itakuwa na nenosiri alilotunga mwenyewe, hivyo bonyeza RESET kwa sindano ya laini kwa sekunde kama 10, ruta ikiwa imewashwa, mpaka taa zizime au ziwake kwa pamoja. Kwa ruta za laini za mtumba, uliza kwanza kama imefungwa kwa mtandao mmoja, kwa sababu kufuli hilo halitoki kwa RESET.

Taarifa za mtoa huduma

Kwa ruta ya kebo, mpigie mtoa huduma umuulize jambo moja mahususi: muunganisho ni PPPoE, ni wa kujipatia wenyewe (kwenye ukurasa huitwa Dynamic IP au DHCP), au ni wa anwani maalumu? Ukiwa wa kujipatia, huna cha kujaza. Ukiwa PPPoE, unahitaji jina la akaunti na nenosiri lake. Ukiwa wa anwani maalumu, unahitaji namba nne: anwani ya IP, subnet mask, gateway na DNS. Muulize pia kama kuna namba ya VLAN ya kujaza, yaani namba ya njia ambayo kampuni hupitishia intaneti ndani ya kebo.

Taarifa hizo ziandike kwenye karatasi, siyo kwenye ujumbe. Herufi kubwa zipigie mstari: kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo. Kibodi ya simu ina tabia ya kukuza herufi ya kwanza na kuongeza nafasi baada ya neno ililolikisia, na nafasi moja isiyoonekana mwishoni mwa jina la akaunti inatosha PPPoE kukataa. Ukurasa utakuambia nenosiri si sahihi, nawe utaapa kwamba uliliandika sawa. Zima usahihishaji wa maneno kwenye kibodi kabla ya kuanza, na kwenye sehemu ya nenosiri gusa alama ya jicho uone ulichoandika.

Kampuni nyingine hufunga akaunti kwa namba ya MAC ya kifaa cha zamani. Dalili yake ni kwamba kila kitu ni sahihi lakini intaneti haiji. Wasomee MAC ya ruta mpya iliyo kwenye kibandiko, waiingize kwao. Ukurasa wa ruta unaweza kuwa na kitufe cha kunakili MAC ya kifaa unachotumia. Usikiguse ukiwa na simu, kwa kuwa simu za sasa hujipa MAC ya kubuni kwenye kila mtandao, na hiyo kampuni haiitambui.

Kwa ruta ya laini, maandalizi yote ya laini yafanye ikiwa ndani ya simu. Iweke kwenye simu, hakikisha imesajiliwa, nunua kifurushi, fungua ukurasa mmoja uone intaneti inakuja. Kama laini ina PIN, iondoe. Andika namba yake, maana ujumbe wa kifurushi kuisha utakwenda kwenye ruta na si kwako. Andika pia APN inayoonekana kwenye simu, yaani jina la njia ya intaneti ya mtandao wako: kwa Safaricom ni safaricom, kwa mitandao mingine mingi ni internet. Ruta nyingi huijaza zenyewe, lakini isipojijaza unayo. Laini za vifurushi vya nyumbani ambazo kampuni imezifunga kwa IMEI (namba ya utambulisho) ya ruta hazitafanya kazi kwenye simu, hizo zipeleke moja kwa moja.

Angalia na ukubwa wa tundu. Laini ya nano ikisukumwa ndani ya tundu kubwa bila fremu yake ya plastiki hukaa upande, na kuitoa ni kazi ya koleo. Ile kadi ya plastiki ambayo laini ilikatwa kutoka kwake usiitupe.

Simu yenyewe

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa sababu simu imefundishwa kukimbia mtandao usio na intaneti. Unajiunga na ruta, simu inaona hakuna intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data ya laini huku alama ya Wi-Fi bado ikionekana. Unaandika 192.168.0.1, ukurasa haufunguki, unadhani ruta ni mbovu. Ruta ni nzima. Simu iliitafuta anwani hiyo kwenye mnara.

Kwa hiyo zima data ya simu kabla ya kujiunga. Android ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali, na weka tiki ya kutoulizwa tena. Kwenye Samsung, zima kipengele cha kuhamia data ya simu ndani ya mipangilio ya ziada ya Wi-Fi. Kwenye iPhone, zima Wi-Fi Assist, ipo mwisho kabisa wa ukurasa wa data ya simu. Zima VPN. Na kama uliwahi kuweka Private DNS kwenye Android kwa ajili ya kuzuia matangazo, irudishe kwenye Automatic, la sivyo anwani za maneno kama tplinkwifi.net hazitafunguka, kwani zinajibiwa na ruta yenyewe, si na seva ya mbali.

Programu ya ruta ipakue ukiwa bado na intaneti: Tether kwa TP-Link, Tenda WiFi kwa Tenda, AI Life kwa ruta nyingi za Huawei. Ifungue mara moja ili imalize mambo yake. Programu nyingine hudai akaunti, na akaunti huthibitishwa kwa namba inayotumwa kwenye barua pepe, jambo lisilowezekana ukiwa ndani ya mtandao usio na intaneti. Ruhusu mahali ulipo, maana Android haimwonyeshi mwenye programu orodha ya Wi-Fi bila ruhusa hiyo. Kwenye iPhone ruhusu kufikia mtandao wa ndani. Ukikataa, programu itasema haioni ruta hata ikiwa mezani pako.

Programu ikigoma, kivinjari kinatosha. Andika anwani kwa ukamilifu, http:// ikitangulia, vinginevyo kivinjari huenda kikaichukua kama neno la kutafuta. Onyo kwamba ukurasa si salama ni la kawaida hapa, kwa sababu uko ndani ya ruta yako mwenyewe. Vitufe vikikosa kuonekana, washa mwonekano wa kompyuta kwenye menyu ya kivinjari na ulaze simu.

Chaji ya simu iwe angalau nusu. Simu ya pili, hata ya jirani, ni msaada mkubwa: itabaki kwenye data, utapiga nayo huduma kwa wateja huku ya kwanza ikiwa kwenye ruta.

Jambo la mwisho la simu, kwa wenye kifurushi cha GB chache. Simu huichukulia Wi-Fi kama intaneti isiyopimwa. Dakika chache baada ya ruta kupata intaneti, simu zote za nyumbani huanza kupandisha picha na kusasisha programu, na kifurushi cha mwezi kinaweza kwisha usiku mmoja. Zima upandishaji wa picha mapema, na mtandao ukishakuwa hewani uweke kama unaopimwa kwenye Android, au washa Low Data Mode kwenye iPhone.

Umeme na mahali

Adapta tumia iliyokuja na ruta. Soma volti: 12V, 9V na 5V zote zipo sokoni na plagi zake hufanana. Ruta ya 12V kwenye adapta ya 9V huwaka na kujizima kila mara, hasa Wi-Fi inapoanza kutumika. Ruta ya 5V kwenye 12V huungua. Angalia Luku au tokeni kabla ya kuanza, kwa sababu umeme ukikatika ruta inapojisasisha inaweza isiamke tena. Kama eneo lako lina mgao, ahirisha sasisho, au nunua UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba) yenye volti ile ile.

Ruta ya kebo ikae katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na mikrowevu. Ya laini ni kinyume: hiyo iweke dirishani upande wa mnara, hasa kwenye nyumba ya bati. Katika ukurasa wake tafuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara. Karibu na -80 ni nzuri, -100 inavumilika, chini ya -110 tafuta dirisha jingine. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina kuta nene za matumbawe zinazomeza masafa ya 5 GHz. Huko tegemea 2.4 GHz, na ufikirie ruta ya pili kwa ghorofa ya juu.

Kama unaiunganisha na kifaa cha faiba, kebo inatoka tundu la LAN la kifaa hicho inaingia tundu la WAN la ruta. Watu huichomeka LAN kwa LAN, simu inapokea anwani kutoka huku na kule, intaneti inakuja na kuondoka. Vifaa vyote viwili vikiwa na 192.168.1.1, badilisha ya ruta iwe 192.168.2.1.

Mpangilio wa hatua

Amua jina na nenosiri la Wi-Fi kabla hujafungua ukurasa. Nenosiri liwe herufi 8 hadi 63, ulinzi WPA2 au WPA3, na WPS (kujiunga kwa kitufe au PIN bila nenosiri) izimwe. Kisha fuata mpangilio huu: intaneti kwanza, sasisho la ruta la pili, nenosiri la ukurasa wa mipangilio la tatu (kama ruta haikukutaka ulitunge mwanzoni), jina na nenosiri la Wi-Fi mwisho kabisa. Sababu ni kwamba ukihifadhi jina jipya, ruta huitoa simu yako kwenye Wi-Fi papo hapo na programu husema imeshindwa. Haijashindwa. Subiri dakika moja, tafuta jina jipya, ingia na nenosiri jipya.

Na kama unabadilisha ruta ya zamani, ipe mpya jina lile lile, nenosiri lile lile na aina ile ile ya ulinzi, ya zamani ikiwa imezimwa. Runinga, kamera na simu za watoto vitajiunga vyenyewe bila kuguswa.