Futari na Daku: Namna ya Kuisaidia Insulini Mwezi wa Ramadhani

Kijana mwenye afya anayefunga hapa Tanga hukaa bila kula wala kunywa saa 13 na ushei. Muda huo kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kuongeza glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe akiba yake ya sukari, gramu 100 hivi. Akiba ikipungua, mwili hugeukia zaidi mafuta. Hadi hapo hakuna tatizo. Wengi wetu tunaharibu usiku.

Magharibi ikiadhiniwa, kunywa glasi 1 ya maji na ule tende 3 ndogo. Hizo tu zina sukari gramu 15 hadi 20. Kaswali. Ukirudi mkekani anza na samaki na kunde au mbaazi za nazi, ndipo muhogo au magimbi yafuate. Ukipanga hivyo sukari hupanda polepole. Uji uliojaa sukari, kaimati zilizolowa shira na juisi ya ukwaju vikiingia kwa pamoja, sukari ya damu hupaa, insulini hutoka kwa wingi kuishusha, na tarawehe unaiswali unasinzia. Uji unywe, lakini kwa kijiko 1 cha sukari kwa kikombe na pilipili manga ya kutosha. Kaimati 2, tena mwisho kabisa.

Daku usilile saa sita usiku ukalala. Lingojee hadi dakika 45 hivi kabla ya alfajiri: ugali wa dona au wali kiasi, maharage, yai, mtindi. Ng'onda muache, chumvi yake utailipia kwa kiu adhuhuri. Maji yagawe tangu magharibi, glasi 8 hivi. Ukibugia lita nzima dakika za mwisho, homoni inayozuia mkojo hushuka na figo huyamwaga mapema.

Ghrelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, hufuata saa ulizozoea kula. Siku za mwanzo itakusumbua wakati wa chai ya asubuhi, kisha hutulia yenyewe hata usipokula.

Usingizi ndio unaodharauliwa zaidi. Kukesha barazani Ngamiani huvuruga mpangilio wa kotisoli, homoni inayouamsha mwili asubuhi, na mwili uliokosa usingizi hauitikii insulini vizuri. Lala mara baada ya tarawehe, kisha jipumzishe kidogo baada ya adhuhuri.

Ukitetemeka, ukatokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, fungua. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone daktari kabla mwezi haujaandama, dozi zipangwe upya.