Fanicha ya zamani, used au mpya ya fundi? Jinsi ya kuchagua ukiwa Arusha au Moshi

Watu wengi wakihamia nyumba wanaanza na sofa mana ndio mgeni anaiona akiingia, halafu kitanda, meza ya kulia na kabati vinanunuliwa kwa hela iliyobaki. Mi nakushauri ugeuze. Hela kubwa iende kwenye vitu vya mbao vinavyobeba uzito kila siku, na kwenye hivo usiogope vya zamani hata kidogo. Sofa na godoro ndio ununue vipya, kwa sababu ntakayoieleza huko chini.

Kwetu Kibosho kuna kabati la babu, alilinunua kwa hela ya kahawa, mvule tupu, limekaa miaka na miaka kwenye chumba kinachoingia moshi wa jikoni, likahamishwa nyumba mbili, mwaka juzi tukalipakia kwenye kenta mpaka Arusha na ile droo ya chini bado inateleza vizuri kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa na stendi ya tv ya MDF nimenunua mpya ina kung'aa, nilihama nayo mara moja tu kutoka Sakina kwenda Moshono, skurubu zikalegea, na maji ya kudeki yakaingia chini ikaumuka kama mkate. MDF ni unga wa mbao uliogandishwa na gundi, skurubu ikishatoka mara mbili haishiki tena, kwaio kama unapanga na unahama hama fikiria mara mbili.

Kwanza tuelewane majina, mana wauzaji wanayachanganya. Antiki kwa kawaida ni kitu cha miaka 100 na kuendelea. Vinteji ni cha juzi juzi, wengi wanahesabu kuanzia miaka 20 au 40 kwenda juu, mfano vile viti vya mbao vya miaka ya 70 vyenye mikono mipana na mito ya kutoa, ambavyo kwa wazee wetu viko kila nyumba. Used ni used tu, cha mwaka jana au cha miaka kumi. Hapa Arusha used nzuri mara nyingi inatoka kwa wageni wa mashirika na wafanyakazi wa EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki), mkataba ukiisha wanauza vya ndani vyote kwa haraka, na anayeondoka Jumapili anapunguza bei sana Ijumaa. Moshi mimi nimepata zaidi kwa familia zinazogawana vitu vya wazee. Hapo nenda kwa heshima, salimia, kaa kwanza, usianze kutaja bei kabla hujaambiwa kinauzwa, mana kuna kiti kingine ni cha marehemu na mtoto mmoja hajakubali.

Sasa kukagua. Usiangalie mbele, kigeuze. Angalia mgongoni na chini ya meza, pale ambapo hapajapakwa vanishi, ndipo utaijua mbao. Mninga ni kahawia yenye mistari iliyokolea, mvule inaanza na unjano wa dhahabu halafu inaiva kahawia kadri miaka inavyoenda, mkongo unaelekea wekundu na ni mzito. Paina na saiprasi ni nyeupe nyeupe zina macho mengi, na hizo ndizo mbao za mashamba ya huku kwetu, West Kilimanjaro na Meru, sio mbaya zikikauka vizuri ila shida ni ukiuziwa paina iliyopakwa steini, ile rangi ya kukoleza mbao, kwa bei ya mninga. Bonyeza kwa ukucha sehemu iliyojificha: paina inaacha alama, mninga inagoma. Halafu nyanyua upande mmoja, uzito unasema.

Baada ya hapo viungo. Vuta droo utoe nje kabisa uangalie pembe. Kama mbao mbili zimeumana kama vidole vilivyoshikana, huyo fundi alijua kazi. Kama ni misumari na gundi tu, jua itaachia. Kiti kikalie, jiegemeze, kitikise kulia na kushoto. Kikilalamika kidogo sio mwisho wa dunia, kiungo cha ulimi na tundu unakifungua unapaka gundi upya unakibana siku moja. Kilichopasuka mguu chenyewe kiache.

Wadudu nao. Vitundu vidogo vya duara peke yake havikutishi, vinaweza kuwa vya zamani na wadudu walishakufa. Gonga kwa nguvu kwenye karatasi nyeupe, ukiona unga mpya laini unamwagika bado wamo, usikiingize ndani mpaka kitibiwe. Na hapa ndio sababu ya sofa: kunguni wanakaa kwenye mishono na chini ya kitambaa, huwezi kuwaona wote sokoni. Ukipenda sofa la zamani kwa sababu ya fremu yake, sawa, nunua fremu, vua kitambaa na sponji vyote huko huko nje, weka vipya. Godoro la mtu usichukue hata ukipewa bure.

Rangi ya zamani inayobanduka pia uwe nayo makini hasa kama una watoto, rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba.

Antiki ya kweli ni nadra na hapa mjini panapopita watalii kuna vingi vilivyochongwa mwezi uliopita vikapakwa kiwi na udongo vionekane vya kale. Uchakavu wa kweli uko pale mikono na miguu inapogusa, kwenye ukingo wa droo, mbele ya mkono wa kiti, sio kila mahali sawasawa. Skurubu za nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwaio mtu akikwambia sanduku ni la enzi za Mjerumani halafu lina skurubu za nyota tupu, labda limetengenezwa baadae au limerekebishwa, muulize. Meza ya duara ya kale pima kwa futi kamba kufuata mistari ya mbao halafu kukatisha mistari: mbao husinyaa kwa upana, sio kwa urefu, kwaio ya zamani kweli haiwi duara kamili. Na ukipewa mlango wa kuchonga, jua kwamba sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, ulizia idara husika kabla ya kutoa hela. Chenye nakshi ya pembe za ndovu achana nacho kabisa.

Ukiamua kutengenezesha kipya, hapo umakini ni kwenye ukavu. Mimi nilitengenezewa kabati la mninga mwezi wa nne, zuri mno, kufika Januari milango imeachana unaona nguo kwa katikati, mana mbao zilikuwa mbichi zikasinyaa kiangazi. Mbao ya inchi moja ikikaushwa kwa hewa inahitaji kama mwaka. Kwa hiyo ukifika kwa fundi angalia kama mbao zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, kivulini, au zimelundikwa chini kwenye matope. Mwambie, "Fundi, mi ntakuja nione kabla ya steini." Akikubali bila kununa huyo ni mtu wa kazi. Andikeni kwenye karatasi aina ya mbao, unene, vipimo na siku, toa nusu, nyingine ukishaona.

Vipimo vyenyewe: meza ya kulia sentimita 75 kwenda juu, kiti chake 45 pa kukalia, kila mtu apate 60 za upana mezani, na nyuma ya kiti bakiza kama 90 mtu apite na sahani. Watu wa kitanda cha futi sita kwa sita, pima chumba kwanza halafu uone kama mlango wa kabati bado unafunguka kitanda kikishaingia. Na pima mlango wa nyumba na ile kona ya korido, mana kabati la babu lenyewe tulilifikisha getini saa mbili usiku ndio tukagundua haliingii, ikabidi tuvue bawaba za mlango na kulipitisha kwa ubavu, watu watano.