Piga Picha ya Meno Kabla Hujaomba Eksirei

Hapa Nakuru, wazazi huniletea watoto wenye meno ya kahawia na kuniambia, "Daktari, mpige eksirei tujue yameozea wapi." Mara nyingi hayajaoza. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya taya, huota yakiwa na madoa. Eksirei haioni rangi. Picha ya simu itanisaidia zaidi, nawe unaweza kuipiga nyumbani kabla hujapoteza nauli.

1. Apige mswaki kwanza, la sivyo utanitumia picha ya ugali.

2. Mkalishe mlangoni au karibu na dirisha, mwanga wa mchana umwangukie usoni. Taa ya simu izime. Humetameta kwenye mate na kuacha vidoa vyeupe vya uongo.

3. Kausha meno. Hatua hii watu huiruka, nami naipenda kuliko zote. Mtoto avute midomo kwa vidole, wewe upanguse meno kwa kitambaa safi. Jino lililolowa hudanganya. Likikauka, weupe kama wa chaki ukijitokeza kando ya ufizi, huenda uozo ndio unaanza, na hapo mara nyingi tunauzuia bila kutoboa jino. Nipigie picha moja kabla ya kupangusa, nyingine baada.

4. Simu ikae umbali wa sentimita 25 hivi, kisha ukuze picha kidogo. Ukiisogeza karibu sana, meno ya mbele yatatokea makubwa kama ya sungura. Piga mbele akiwa ameuma meno, kulia, kushoto, halafu apanue kinywa upige ya juu na ya chini.

5. Linganisha pande mbili. Floraidi hutia madoa kulia na kushoto kwa kufanana. Uozo huchagua: gego hili, ufa ule. Ila yote mawili huweza kukutana kwenye jino moja, kwa hiyo picha haikuondolei safari ya kliniki.

6. Kata sehemu ya macho kabla ya kutuma, na utume kwa daktari, si kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Eksirei ina kazi yake pale magego yanapobanana. Uozo wa kati ya gego na gego hauonekani kwa jicho wala kwa simu. Kwa nje jino linang'aa huku ndani linaliwa. Mtoto huuma kibao kidogo chenye filamu au kihisio, na taji za magego ya juu na chini, yaani sehemu zilizo nje ya ufizi, hutokea pamoja. Mionzi ya picha ndogo moja ya kidijitali ni kama ile unayoipata kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani. Hata hivyo uliza, "Daktari, unatafuta nini?" Kama hana jibu, subiri. Mjamzito aseme mapema.

Ukitoka, omba nakala. Nimewahi kumpiga mama mmoja eksirei upya kwa sababu ile ya wiki tatu nyuma ilibaki kliniki nyingine. Ukipewa filamu, usiipige picha ukiielekeza kwenye balbu. Ilaze juu ya simu nyingine iliyofunguliwa ukurasa mweupe, mwangaza hadi mwisho, ndipo uipige.